Jina Ambalo Torcall Hakuliomba

Zamani mtoto wa kisiwa cha Leòdhas alizaliwa akakuta jina lake linamngoja, kama koti lililotundikwa nyuma ya mlango; siku hizi wazazi wanalisaka kwenye simu, kidole kikipanda na kushuka, kama watu wanaochagua rangi ya kupaka jikoni.

Torcall wa Ruairidh wa Murchadh alikuwa mtu wa zamani hiyo. Alizaliwa upande wa magharibi wa kisiwa, ambako upepo wa bahari haujaruhusu mti kusimama, akaacha shule akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hadi mgongo ulipokataa alifuma vitambaa vya sufu bandani kando ya nyumba, miguu ikisukuma mtambo, kitabu kimeegemezwa dirishani. Alisoma habari za Warumi, za nyota, na za sheria ya ardhi. Wanakijiji walimwita Profesa, wala hawakuwa wakimsifu. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani marehemu mkewe alikuwa akimwekea mkono gotini ili mguu uache kusukuma mtambo usiokuwepo.

Alikuwa na kaka mmoja, Murchadh, mrefu, mpiga mluzi, ambaye mama yao alimpenda bila kuficha. Murchadh alikwenda na meli za kuwinda nyangumi kwenye barafu ya kusini, kama vijana wengi wa kisiwa wakati ule. Homa ikamshika huko, wakamzika majini upande wa pili wa dunia. Hakuacha mke wala mtoto. Mama yao hakulia mbele za watu. Siku za mwisho wake, akiwa kitandani, alimshika Torcall kwa ukosi wa shati akamwambia, "Usiliache jina la kaka yako majini."

Alimaanisha kitu ambacho kila mtu pale alikijua. Majina yalikwenda kwa zamu. Mwana wa kwanza alichukua la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na aliyekufa kijana bila kuzaa, jina lake liliinuliwa na watoto wa ndugu zake. Hata wasichana hawakuponyoka: jina la mwanamume lilifungiwa mkia mfupi nyuma, wakalivaa hivyo hivyo. Hakuna aliyekaa kuchagua. Na hakuna aliyeomba. Kuomba jina kulikuwa na aibu kubwa kuliko kuomba mkate. Mwenye haki nalo alingoja apewe, na alipopewa alisema, "Ah, hamkuwa na haja," kisha akatoka nje kufuta macho.

Torcall alipata mwana. Zamu ilikuwa ya baba yake, kwa hiyo mtoto akaitwa Ruairidh, na Murchadh angekuja kwa zamu yake baadaye. Hakuna aliyekuja baadaye. Ruairidh akakua peke yake, akaenda mji mkubwa wa Glaschu, akawa mhandisi, akachelewa kuoa. Alipooa, alimwoa Mwingereza aitwaye Philippa, mwanamke mcheshi aliyejifunza Kigaeli, lugha ya kisiwa, kwa simu na kukizungumza kana kwamba ana viazi moto mdomoni. Alimwita mkwewe Torcall, kavu kavu, kama kwao wanavyoitana. Mzee alizoea.

Walikuja mwezi wa Mei, wakati wa kuchimba kinamasini ile mboji nyeusi ambayo nyumba chache zilikuwa bado zinaikausha na kuichoma badala ya mafuta. Philippa alikuwa na mimba. Torcall alimwona akishuka kwenye gari, akaenda kuchemsha maji, akayaacha yakachemka mpaka yakakauka.

Mezani, baada ya samaki wa chumvi na viazi, Philippa alitoa simu yake.

"Sikilizeni. Lorcan. Maana yake mkali mdogo."

"Hilo la Ireland," Torcall alisema.

"Si Kigaeli vilevile?"

"Ni Kigaeli kama jirani alivyo ndugu."

Ruairidh akacheka. "Baba, mwache. Anajitahidi."

"Sijasema neno. Nimesema la Ireland."

"Na hili, Fionn? Maana yake mweupe."

"Mtoto gani wa huku si mweupe? Jua lenyewe tunalisikia redioni."

Philippa alicheka mpaka akajishika tumbo. Kisha akaiweka simu chini, akamtazama usoni. "Basi nisaidie, Torcall. Wewe ungependa lipi?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Torcall aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akagusa kiti, akaenda tena dirishani.

"Mtoto ni wenu," alisema. "Mvua inakuja. Naenda kuangalia kondoo."

Nje, upande wa pili wa ua wa waya, jirani yake Oighrig alikuwa anaanua nguo. Walikuwa wamekaa dawati moja shuleni, na mama huyo hakuwahi kumwonea haya.

"Umefukuzwa nyumbani kwako?"

"Wanatafuta jina. Kwenye simu."

"Ulitaka watafute wapi, kwenye sahani?"

"Ameniuliza ningependa lipi."

"Ukasema?"

"Nikasema mvua inakuja."

Oighrig akatazama juu. Anga lilikuwa buluu tupu kutoka bahari hadi bahari. "Profesa mzima," alisema.

"Jina haliombwi, Oighrig."

"Umeulizwa. Aliyeulizwa hajaomba."

"Kwao kuuliza ni adabu tu, kama kukuuliza chai ina sukari ya kutosha. Halafu zamu ni yangu. Akiwa wa kiume, ni jina langu linalotakiwa. Nikisema wamwite Murchadh, nimesema pia kwamba nilikuwa nimekaa hapa nalitegemea langu. Nitasimamaje na maneno hayo?"

"Kwa miguu yako, kama watu wengine. Mwambie Ruairidh, basi."

"Ruairidh anajua."

"Anajua nini? Ulimtajia kaka yako lini mara ya mwisho?"

Torcall aliinama. Alikuwa anang'oa nyasi kwenye nguzo ya ua, moja moja.

"Na akiwa wa kike?" Oighrig aliuliza.

"Murdina. Murchadh mwenye mkia."

"Mungu amrehemu. Dada yangu walimwita Kennethina kwa ajili ya babu. Alipofika Glaschu akajiita Tina, na mpaka kufa hakumwambia mumewe lile lingine." Akaweka kapu la nguo kiunoni. "Sema, wewe mzee. Jina halitakutoka puani kama kamasi."

Hakusema. Siku zile alizunguka nyumba kama mbwa aliyepotelewa na kondoo. Alikwenda bandani kwenye mtambo usiokuwa na uzi, akausukuma, akaurudisha. Alianza kujenga rundo la mboji akaliacha nusu, jambo ambalo baba yake angelionea aibu. Jumapili, ambapo hakuna mtu kijijini anayegusa kazi hata ya kuanika soksi, ilikuwa mbaya kuliko zote: alikaa na kitabu cha nyota, na ukurasa haukugeuka.

Jumatatu akapata njia. Alimwalika Philippa watembee mpaka makaburini, pale juu ya mchanga, ambapo mawimbi yanakula ukuta kidogo kila mwaka na baraza la wilaya linaahidi kuujenga. Alimwonyesha jiwe la wazazi wake. Chini, kwa herufi ndogo zaidi, palikuwa na jina la Murchadh.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Yumo humu?"

"Yuko kusini, majini. Hapa pana jina tu."

Philippa akainama, akaondoa kuvu kwenye herufi kwa kidole. "Murchadh," alisema, na safari hii alilitamka vizuri. "Hakuna mwingine kwenu aliyepewa?"

"Hakuna. Tangu yeye, hakuna."

Kwa mwanamke yeyote wa kisiwa, hayo yalikuwa maneno ya kutosha na kubaki. Angesikia kwamba kuna jina limesimama nje kwenye baridi, na kwamba mzee huyu amemleta hadi hapa ili alifungulie mlango. Philippa aliufinya mkono wa mkwewe, macho yamejaa machozi.

"Naelewa," alisema.

Torcall alirudi nyumbani akipiga mluzi. Jioni ile alikunywa chai kikombe kizima akiwa amekaa. Aliwasindikiza kesho yake bila kusema lolote, na majira ya joto yote aliimaliza kazi ya mboji peke yake, akipanga kila kipande kana kwamba kuna mtu atakuja kukikagua. Oighrig alipomchokoza ua wa waya ukiwa kati yao, alimwambia tu kwamba limekwisha, msichana ameelewa.

Simu ililia mwezi wa Oktoba.

"Mvulana," Ruairidh alisema, na sauti yake ilikuwa na maji. "Mzima. Mama yake mzima. Baba, umekaa?"

"Nimesimama."

"Tumemwita Torcall."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye bomba la moshi. Mzee alitazama ukutani, kwenye picha ya kijana mrefu mwenye sweta la baharia.

"Hukutegemea, eh? Wote mnadhani sisi wa Glaschu tumesahau. Zamu ni zamu, Baba. Nilimwambia Philippa, hapa hapana mjadala."

"Ah," Torcall alisema. "Hamkuwa na haja."

Ndiyo maneno yanayosemwa. Aliyasema vizuri, na Ruairidh upande wa pili alifurahi kama mtoto. Kisha Philippa akaichukua simu, amechoka, anacheka.

"Unajua mimi nilitaka Murchadh? Nililipenda tangu siku ile. Lakini nikamwambia Ruairidh, hapana, hilo ni la baba yako na kaka yake. Wamelitunza miaka yote hiyo bila kumpa mtu. Sisi ni nani tuliguse."

"Ndiyo," alisema Torcall. "Pumzika, binti yangu."

Kijiji kizima kilimpongeza. Miaka mingi alikuwa amelalamika dukani na mlangoni mwa kanisa kwamba vijana wameitupa zamu, wanawapa watoto majina ya miji na ya wacheza filamu, na sasa mwanawe ameishika zamu mbele ya watu wote. Wanaume walimpa mkono. Oighrig peke yake hakumpa. Alimletea skonzi zikiwa bado moto, akaziweka mezani, akasema, "Kula," akaondoka.

Walimleta mtoto mwaka uliofuata, mwezi wa Julai. Alikuwa mrefu wa miguu, mwenye kidevu ambacho Torcall alikuwa amekiona mahali pengine. Philippa alipoita "Torcall!", mzee na mtoto waligeuka pamoja, na nyumba ilicheka kila mara. Mzee naye alicheka. Lakini alipoachiwa mtoto bandani, akimpakata kwenye benchi la mtambo, hakumwita kwa jina lolote. Alimpigia mluzi.

Siku ya kuondoka alikwenda nao mpaka bandarini Steòrnabhagh. Magari yalipangwa foleni mbele ya kivuko. Torcall hakukaa garini. Alitembea kandokando ya foleni, akafika mwisho, akarudi. Mtu mwenye koti la njano alipoanza kuita magari, alikwenda kwenye dirisha la Philippa akashika mlango kwa mikono miwili. Maisha yake yote hakuwa amewahi kuomba kitu.

"Philippa. Mkipata mwingine..."

Philippa akamtazama Ruairidh, Ruairidh akatazama usukani.

"Hatutapata, Torcall," Philippa alisema polepole. "Daktari alituambia palepale hospitalini. Ni huyu tu."

Gari la mbele liliondoka. Aliye nyuma yao alipiga honi.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" Ruairidh aliuliza.

"Nasema mkipata wakati mwingine wa nafasi, mwezi wa Mei, mje. Mikono ya mboji haitoshi."

"Tutakuja, Baba."

Aliondoa mikono mlangoni. Hawakuwahi kuja, kwa sababu mwezi wa Mei ulipofika yeye mwenyewe alikuwa amelazwa kule makaburini, juu ya mchanga. Na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona: gari likipanda daraja la chuma la kuingilia kivukoni, Philippa akiuinua mkono wa mtoto nyuma ya kioo na kuupungisha, midomo yake ikisema kwaheri Torcall, na mzee akitembea sambamba nalo mpaka yule wa koti la njano alipomzuia kwa mkono, na mguu wake mmoja ukaendelea kupiga chini.