Nzige wa Uchina

Siku ile mchana mzee alianguka shambani. Hakujikwaa, magoti yaligoma tu, akakaa chini katikati ya mpunga wa watu, akaniambia nisimwangalie. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tufike Uchina, mimi na yeye, tumetumwa kujifunza kilimo cha mpunga, katika miaka ile ya mwisho ya vijiji vya ujamaa. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Kwedizinga, Handeni, mtu wa swala tano. Nyama ya pale hakujua nani kachinja, na mboga zilipikwa sufuria moja na hiyo nyama, kwa hiyo hakugusa chochote. Wiki tatu wali mkavu na chai isiyo na sukari! Mimi, bwana shamba kijana, Mshambaa wa Kerenge, ndiye niliyekabidhiwa kumtunza, na nilimwona anaisha mbele ya macho yangu, sina la kufanya.

"Handeni nimeshinda njaa ngapi," alisema, "nije kufia huku penye chakula?"

Jioni mkalimani wetu, dada mmoja mchangamfu aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kumwita kila mtu ndugu, alitupeleka soko la usiku, akasema huko hatutakosa kitu. Loo! Nyoka wamechunwa, wananing'inia kama katani iliyoanikwa. Konokono. Miguu ya kuku peke yake, kuku mwenyewe sijui kaenda wapi. Mzee akaniminya mkono: "Turudi, mwanangu." Ndipo tukafika kwa mama mmoja anayekaanga nzige.

Mzee alisimama. Nzige ni halali, hachinjwi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Na utotoni mwake, nzige walipomaliza mashamba ya kwao, na wao waliwala nzige. Uso ulimchangamka kabisa. Akaniuliza jambo moja tu: "Mafuta ni ya nini?"

Nikachungulia kwenye debe. Mafuta meupe, yameganda. Sasa mtu wa kwetu akiona hivyo atafikiri nini? Samli! Ile ile wanayotuletea Wamasai mnadani Kang'ata. Wiki tatu nilikuwa sijaona ng'ombe hata mmoja akikamuliwa, lakini hilo halikunipitia kichwani, na mdomo wangu huu haujui kusubiri.

"Samli," nikasema.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona, mzee wangu. Dhima yangu."

Akasema bismillah. Jamani, sijapata kuona mtu akila vile! Alitafuna miguu, mabawa, kila kitu, jasho linamtoka, huku ananitania: "Nyie Washambaa mlikaa milimani na ndizi zenu, mtajuaje utamu wa nzige?" Nilicheka mpaka machozi. Yeye akarudi kikaangoni kuongeza, nami nikamvuta mkalimani kando nimshukuru kwa samli ya yule mama.

"Samli ni nini, ndugu?"

Nikamweleza, mafuta ya maziwa. Akashangaa. Akasema hapo kwao maziwa hawana habari nayo. Akaninyooshea kidole nyuma ya jiko, penye kichwa cha nguruwe juu ya meza, akasema kwa furaha kwamba mafuta yanatoka kwa huyo, tena ndiyo bora kuliko yote.

Nikimwambia mzee, atatapika, na kesho hata ule wali hatautia mdomoni. Nisipomwambia, dhima nimeshaibeba kwa kinywa changu mwenyewe. Nilitamani atokee mtu aniamulie, na mtu hakuwepo. Niliogopa, basi, niseme nini zaidi?

Mzee akaja na nzige wamefungwa kwenye karatasi, anatembea wima, hashiki ukuta wala bega la mtu.

"Mbona umeduwaa? Kula na wewe. Bila wewe nisingerudi nyumbani mzima."

Akachagua mmoja mnono, akaninyooshea mpaka mdomoni, akasubiri niseme bismillah.

Nikasema. Nikala.