Salamu ya Kupandisha Suruali

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hajasikia neno hata moja tangu azaliwe, lakini kijijini kwetu Bweranyange sijaona mtu anayejua habari za watu kumzidi. Shule ya viziwi hakuiona. Alipokuwa mtoto hakukuwa na shule ya namna hiyo karibu, wala mtu wa kumpeleka mbali. Basi lugha ya mikono ilitengenezwa nyumbani, yeye akiwa fundi na sisi wengine vibarua. Ng'ombe ni mikono miwili iliyoinuliwa juu ya kichwa, imepinda kama pembe za ng'ombe wetu. Kahawa ni vidole vinavyochuma hewani. Senene, wale panzi wa kuliwa, ni kunyofoa mabawa na kutupa pembeni, kisha kulamba midomo.

Watu nao kila mmoja ana alama yake, na Shangazi hakuomba ruhusa ya mtu katika kuzigawa. Mchungaji wetu ni kichwa kilichoinamishwa na macho yaliyofumbwa, yamefumbwa hasa, mpaka mtazamaji achoke. Kwa asiyesikia, ibada ni mtu mmoja aliyefumba macho na wengine wanaomsubiri ayafumbue. Mimi ni kufuta pua kwa mgongo wa mkono. Nina shahada ya ualimu, nafundisha shule moja huko Kanoni, mvi zimeanza kunitoka, na bado kwa Shangazi ni yule wa makamasi. Mwenyekiti wa kitongoji chetu, mzee mwenye tumbo na heshima zake, alama yake ni mkono mmoja kiunoni ukipandisha suruali. Sababu sikuwahi kuuliza. Niliitazama suruali yenyewe nikaona jibu ninalo.

Likizo moja nilipokuwa nyumbani, tulipata mgeni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa anachunguza lugha za alama ambazo familia hujitungia zenyewe, na mtu fulani alimweleza habari za Shangazi. Na watu wanaosikia aliwasiliana kwa kuandika kwenye simu, haraka kuliko mimi ninavyosema. Aliandika kwamba angehitaji mkalimani wa kumwunganisha na Shangazi. Nikajitolea. Nilijiona mtu muhimu sana.

Siku ya kwanza alikaa mbele ya Shangazi na kuanza kuongea lugha ya alama ya shuleni, vidole vikiruka kama mahindi ya kukaanga. Shangazi alimtazama kwa makini, akanigeukia, akauliza kwa mikono: huyu ameingiwa na siafu?

Nikasogea ili nianze kazi. Hawakunisubiri. Mgeni alicheka, akaonyesha mkeka wa kahawa uliokuwa umeanikwa uani, akauliza kwa nyusi. Shangazi akachuma hewani. Mgeni akachuma naye. Kutoka hapo wakaenda kwenye migomba, kwenye kuku, kwenye mvua. Kabla jua halijashuka Shangazi alikuwa anamsimulia jinsi jirani yetu alivyomfukuza mumewe, kisa ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakisikia. Mkalimani nilikuwa nimekaa kando nikiwaomba waende polepole.

Mara moja tu walikwaruzana. Mgeni alitaka kujua habari za mtoto wa kaka yangu, akaonyesha kimo chake kwa kulaza kiganja hewani. Shangazi akampiga kofi mkononi papo hapo. Kwetu kiganja kilicholala hupima mbuzi. Mtoto wa mtu hupimwa kwa mkono uliosimama, vidole vikielekea juu, ili asizuiwe kukua. Nilidhani mgeni angekasirika. Badala yake alifurahi mno, akaiwasha kamera, akamwomba Shangazi ampige tena. Shangazi hakuhitaji kubembelezwa.

Kesho yake nilimpeleka mgeni kwa mwenyekiti ili atambulishwe, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti alikuwa barazani kwake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwalimu. Ndiye mgeni mwenyewe huyu?"

Mgeni alipomwona, uso ulimchanua. Shangazi alikuwa amekwisha kumfundisha alama za watu wote, na hapa alikuwa amemtambua mmoja bila kusaidiwa. Akamnyooshea kidole kwa furaha, akashika kiuno, akapandisha suruali. Akarudia, asije akawa hakueleweka.

Mwenyekiti akaniangalia. "Anasemaje?"

Mgeni hakuweza kunisikia, na mwenyekiti hakuweza kumwelewa. Katikati yao nilikuwa peke yangu na mdomo wangu.

"Anakusalimia, mzee. Ndivyo wanavyosalimia viongozi huko chuoni."

"Aaa!" Mwenyekiti akasimama. Akajiweka sawa, akashika kiuno, akapandisha suruali kwa taratibu na heshima kubwa. Mgeni akapiga makofi, kwa maana alidhani mzee anaijua alama yake na anajitambulisha. Wakapeana mikono kama ndugu waliopoteana.

Nilitumaini mambo yangeishia pale barazani. Lakini mwenyekiti si mtu wa kupata kitu kizuri akakaa nacho peke yake. Jumapili baada ya ibada nilimwona akimfuata mchungaji mlangoni mwa kanisa, akisimama mbele yake na kupandisha suruali. Mchungaji aliinama haraka akaitazama yake, akaipandisha, akasema asante. Mwenyekiti akaondoka ameridhika kwamba mchungaji naye ni mtu aliyeiona dunia. Mgeni, aliyekuwa kando yangu, aliniandikia kwenye simu: "Kwa nini mwenyekiti anamtajia mchungaji jina lake mwenyewe?" Nikamjibu kwamba huku watu hupenda kujitambulisha. Akaliandika hilo kwenye daftari lake la utafiti, na nikaona wazi kwamba sasa nimeuingiza uongo wangu chuo kikuu.

Ulifika mkutano wa kitongoji. Walikuja watu wengi, kwa sababu habari ya kiziwi anayesoma chuo ilikuwa imefika mpaka Rugu. Shangazi alikaa mbele kwenye benchi, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na mgeni pembeni yake. Mwenyekiti akafungua mkutano.

"Ndugu zangu, mgeni wetu hasikii, kwa hiyo hatutampigia vigelegele. Tutamsalimia kwa salamu yao. Simameni nyote. Shikeni kiuno. Haya, kwa pamoja!"

Kitongoji kizima kikapandisha suruali. Akina mama wasio na suruali walipandisha vitenge. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo aliitupa chini apate mkono wa kusalimia.

Shangazi aliwatazama. Aliona watu wote aliowafahamu maisha yake yote, wamesimama mbele yake, na kila mmoja anasema kwamba yeye ni mwenyekiti. Akaanza kucheka. Kicheko chake hakisikii mwenyewe, kwa hiyo hakina kipimo. Alicheka mpaka akateleza kwenye benchi, akakaa chini, akaendelea kucheka akiwa palepale. Mgeni alikuwa amenikazia macho, taratibu akianza kuelewa.

Mwenyekiti alishusha mkono. "Mwalimu," akasema, "hii salamu ina nini?"

Nilitamani mgomba uniangukie. "Mzee, si salamu. Ni jina lako. Ndivyo Shangazi anavyokuita."

"Ananiita suruali?"

"Anakuita... hivyo ulivyofanya."

Watu waliziba midomo, wakibana vicheko. Shingo ya mwenyekiti ilivimba. "Tangu lini? Na kwa kosa gani? Mwulize sasa hivi, mbele ya watu!"

Nikamwuliza Shangazi. Aliinuka, akajifuta machozi, na alipoona uso wa mwenyekiti akaacha kucheka. Akaanza kueleza, nami nikatafsiri. Ile ndiyo tafsiri ya kweli ya kwanza niliyofanya tangu mgeni aje.

Zamani, mimi kabla sijazaliwa, mvua kubwa ilinyesha na ng'ombe wetu mmoja akatumbukia kwenye shimo la choo lililokuwa linachimbwa kibanjani, kati ya migomba yetu. Baba hakuwepo. Shangazi alikuwa peke yake na kamba fupi, anapiga kelele ambazo hakuzisikia na ambazo watu walikuwa wamezoea kuzipuuza. Kijana mmoja aliyekuwa anapita, amevaa nguo za kanisani, ndiye aliyegeuka. Alivua mkanda wake akauunganisha na kamba. Akavuta, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye suruali, wakisaidiana na Shangazi, mpaka ng'ombe akatoka. Kisha akaenda nyumbani matope mwili mzima, akivuka kitongoji hivyohivyo, ameshika kiuno.

Shangazi alimaliza kwa kupandisha suruali isiyokuwepo, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alikaa. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. "Mkanda ule ulikatika. Ulikuwa wa baba. Nilichapwa jioni ile mpaka nikajuta kumwona ng'ombe."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na yeye mwenyewe alicheka kuwazidi wote. Nilimtafsiria Shangazi habari ya kuchapwa. Akaweka kiganja kifuani, akamwinamishia mwenyekiti kichwa. Mgeni alikuwa anarekodi, machozi yanamtoka, sijui ya kucheka au ya nini.

Kutoka nyuma mchungaji akainua mkono. "Mwalimu, na mimi je? Yangu ikoje?"

"Umefumba macho, mchungaji."

"Kwa sababu gani?"

"Unaomba."

Alifurahi, akawageukia waliokuwa karibu naye akawaonyesha. Urefu wa kufumba sikuutaja.

Mgeni alirudi Dar es Salaam, lakini siku hizi Jumamosi mchana, nikija nyumbani, humpigia Shangazi kwa video kwenye simu yangu na kwa bando langu. Shangazi huiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaanza. Wiki iliyopita walicheka muda mrefu, nikaona pua inafutwa kwa mgongo wa mkono zaidi ya mara moja. Nikamgusa bega Shangazi nikamwuliza wanasema nini juu yangu.

Hakugeuka. Alinionyesha kwa mkono nisogee, namzibia mwanga.