Andiko la Wapangaji wa Chamazi

Binti aliyenifundisha kuandika alianza kwa kuniamkia. "Shikamoo," alisema huku akinionyesha kiti, nami nikaitikia marahaba kwa sauti nzito kama mtu aliyekuja kuposa. Nilikuwa namzidi umri kwa mbali. Alikuwa amehitimu palepale chuoni, mtoto wa walimu wa Njombe, bado anatamka maneno taratibu kama watu wa kwao. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kituo cha msaada wa uandishi, chumba chenye meza chache nyuma ya maktaba, na kuwasikiliza wanachuo waliokwama.

Mie nilikuwa nimekwama kweli.

Shule niliiacha kidato cha pili. Haikuwa ada wala utundu. Niliona tu barabara inapita nje ya dirisha la darasa na sikujua inaishia wapi. Tangu hapo nimekaanga samaki Kunduchi, nimelinda geti Gongo la Mboto, nimekwenda na malori ya mbao hadi Tunduru na kurudi, na mwishowe nikatulia, kwa kiasi ambacho mtu kama mimi anaweza kutulia, kwenye rangi. Napaka nyumba za kupanga huko Chamazi. Kote nilikopita nilikuwa nasoma: magazeti yaliyofungiwa vitumbua, karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, vitabu vya shule visivyo na majalada. Mtihani wa kidato cha nne nilikuja kuufanya mtu mzima, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata alama za kunitosha kuingia kozi ya cheti cha maendeleo ya jamii, masomo ya jioni na Jumamosi.

Sharti la kozi ile lilikuwa moja lililonitisha. Huruhusiwi kukaa kwenye mtihani wa mwisho mpaka andiko lako la utafiti likubaliwe. Langu lilikuwa limerudi na maneno ya kalamu nyekundu juu yake: "Hii ni hotuba. Andika upya." Ilibaki nafasi ya kulileta mara moja tu. Nilijijua. Nikishindwa pale, mwaka sirudii. Nitafunga begi, na chuo nacho kitaingia kwenye yale mengi niliyoyaachia katikati, wakati safari hii nilikuwa nataka kufika mwisho.

"Nisomee," alisema yule binti.

"Lote?"

"Mpaka nikusimamishe."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kituo. Mwenye kazi anasoma kwa sauti, na kalamu anaishika yeye mwenyewe. Msaidizi haruhusiwi kuandika hata nukta kwenye karatasi yako. Nikakohoa kidogo, nikaanza: "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema. Mheshimiwa mhadhiri, walimu wote, wanachuo wenzangu, itifaki imezingatiwa..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani, kaka. Hapo unaandika au unafungua mkutano wa mtaa?"

"Sasa nianzeje? Niingie tu bila salamu kama polisi?"

"Ingia tu. Karatasi haina meza kuu."

Nilicheka, lakini iliniuma. Mimi nimekulia kwenye vikao. Harusini, msibani, kwenye vikundi vya kufa na kuzikana, mtu hasemi neno lake kabla hajawatambua waliokaa mbele. Nilidhani kadiri mtu anavyosoma zaidi ndivyo anavyotambua wengi zaidi. Nikachukua kalamu, nikafuta. Ukurasa wa kwanza wote ukaenda, na nusu ya wa pili.

"Sasa nisomee unachosema wewe," akasema.

"Wapangaji wengi huhama kwa sababu ya kodi kubwa."

"Nani kakwambia?"

"Mbona kila mtu anajua?"

"Mtaje mmoja."

"Mhadhiri mwenyewe alisema darasani."

"Mwingine."

"Wenye nyumba. Mimi ndiye nawapakia vyumba rangi vikibaki wazi. Wananiambia."

"Na waliohama wanasemaje?"

Fundi rangi huingia chumbani mtu ameshaondoka. Waliohama nilikuwa nawajua kwa kuta zao tu: tundu la msumari pale palipotundikwa kioo, masizi ya jiko kwenye pembe, herufi za mtoto aliyejifunza kuandika kwa mkaa. Nilizipiga msasa, nikazipaka nyeupe. Kumuuliza mmoja wao jambo lolote, mimi ninayeuliza kila kitu duniani, haikuwahi kunipitia akilini.

"Hao sijawahi kuonana nao," nikasema.

"Basi hili ni andiko la wenye nyumba. Kawatafute."

Niliondoka nimenuna. Kutafuta watu waliohama Dar es Salaam! Lakini nilipomuuliza muuza mkaa wa mtaa ule niliokuwa nikipaka, alianza kunionyesha kwa kidole: yule kahamia nyuma ya msikiti, yule yuko karibu na uwanja wa mpira, yule mshonaji mbona ni hapo tu, mtaa wa pili. Hawakuwa wamekwenda mbali. Jambo hilo peke yake lilinifanya nitembee haraka.

Mshonaji nilimkuta kibarazani na cherehani yake ya miguu. Nilimweleza nilivyo mwanachuo, akanitazama viatu vyenye madoa ya rangi, akacheka.

"Mwanachuo wa kupaka?"

"Vyote viwili, dada. Nataka kujua tu, kule ulihama kwa sababu ya kodi?"

"Kodi? Nani kakudanganya? Hapa nalipa kubwa kuliko kule."

"Sasa?"

"Luku, kaka yangu. Luku!" Akasimamisha cherehani. "Nyumba nzima mita moja. Mie nina taa na simu. Bwana wa chumba cha mbele ana friji, anauza barafu, na pasi kila asubuhi utadhani anaapishwa. Umeme ukiisha, mchango sawa kwa sawa. Nikisema jamani, naambiwa nina roho mbaya. Kuna siku nikagoma kuchanga. Tukakaa giza nyumba nzima, na kila mmoja anajua giza lile ni langu. Unaweza kulala hapo?"

"Siwezi."

"Basi andika hivyo. Hapa nina mita yangu, taa ikizimika nimezima mwenyewe."

Nikaenda nyuma ya msikiti, nikaenda kule uwanjani. Mmoja alisema choo, mwingine alisema mume kapata kazi Mbagala. Lakini wengi, kabla sijamaliza swali, walishaanza kunisimulia habari za friji ya mtu mwingine.

Nilirudi kituoni na karatasi nyingi na mdomo usiofungika. Yule binti alisikiliza, kisha akanirudisha kwenye kiti. "Soma."

"Wapangaji wote wa Dar es Salaam huhamishwa na luku."

"Wote umewatembelea?"

Nikafuta. Nikaandika: wapangaji niliozungumza nao Chamazi. Nikaandika: wengi wao. Nikaandika kwamba mmoja alisema choo, ingawa alikuwa ananiharibia. Sentensi yangu ilipungua ukubwa, lakini sasa ningeweza kuikalia na isivunjike. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kilichopungua namna ile.

Halafu nikaona hatari. "Dada, hii siipeleki. Mhadhiri kasema kodi, mbele ya darasa zima. Mimi ni nani nimwandikie siyo? Ataona namvunjia heshima."

"Ukikutana naye utamwamkia?"

"Nitamwamkia, tena kwa mikono miwili."

"Basi heshima atakuwa ameipata. Kwenye karatasi mpe ulichokikuta." Akafikiri kidogo. "Ila kwanza andika maoni yake. Yaandike vizuri, hata yeye akisoma aseme huyu kanielewa. Baadaye ndiyo uandike yako."

Hapo ndipo nilipotoka jasho. Kumbishia mtu nilikuwa naweza tangu utotoni. Kumweleza vizuri kabla sijambishia, sikuwahi kujaribu. Nilikaa pale Jumamosi moja na nyingine, yeye akizunguka kwenye meza za wengine, akipita kwangu anauliza tu, "Hiyo umejuaje?" kisha anakwenda zake. Nilipopeleka andiko ofisini hakukuwa na neno ndani yake ambalo mtu mwingine aliniandikia. Nilitembea nalo begani kama ngazi mpya.

Jumamosi iliyofuata mhadhiri aliniita nje ya ofisi ya walimu. Ni mzee mrefu, mkimya, mwenye kawaida ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Andiko langu lilikuwa kwenye mapaja yake, limefunikwa juu kwa daftari. "Hili umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwalimu. Nilikuwa nasoma kituoni wananiuliza maswali."

Akavua miwani. "Luku ni nini kama si pesa? Hiyo ni kodi iliyobadilishwa jina."

Nilijisikia kabisa mkono ukitafuta begi. Lakini jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisoma kwa sauti mara nyingi mno kulisahau. "Ingekuwa pesa, mwalimu, yule mshonaji angebaki. Alikohamia kodi ni kubwa zaidi."

"Kwa sababu anaimudu. Wasioimudu wamebaki kwenye mita ileile. Hao umewauliza?"

"Hapana, mwalimu. Niliwatafuta waliohama tu."

"Basi sijakubaliana na wewe."

"Sawa, mwalimu. Ila hujaniambia kwa nini nimekosea kuhusu hao niliowauliza."

Wanachuo wawili waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mzee alinitazama, kisha akatoa daftari juu ya karatasi. Kwenye jalada la andiko langu palikuwa na saini yake na neno "Limekubaliwa."

"Hiyo nimeiweka tangu juzi," akasema. "Mtihani utafanya. Nimekuita tubishane tu."

Watu waliosoma walikuwa wamenisahihisha maisha yangu yote. Wengine walinihurumia, na wengine walitikisa kichwa kwa upole huku wakitafuta mlango. Kukaa nami na kunibishia, kwa jambo nililolitafuta kwa miguu yangu na kuliandika kwa mkono wangu, huyu alikuwa wa kwanza. Nilitamani yule binti apite pale aone.

"Haya," akasema mzee, miwani bado mkononi, "na mwenye friji yeye anasemaje?"

"Sijui, mwalimu," nikajibu, nikasogeza kiti changu karibu na chake.