Mchezo Ulioishia Kwenye Kabati

Mume wangu alikuwa fundi wa redio mjini Kitale, na alipenda sana kutishwa. Si hofu ya kweli, maana mbwa wa jirani walimfanya azunguke njia ndefu. Alipenda ile ya kukaa kitini huku ukijua chai iko jikoni. Kila Jumamosi alifunga duka mapema, akakodi kanda ya video: filamu za zamani zisizo na rangi, majumba yaliyojaa ukungu, maiti wakiinuka polepole kutoka kwenye majeneza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mama wa kanisa, na mwaka wa kwanza wa ndoa niliona aibu kukaa mbele ya vitu vile. Tulitundika blanketi dirishani jua likiwaka nje, na kabla ya nusu saa nilikuwa nimemng'ang'ania mkono.

"Mwalimu, tazama pale juu," aliniambia. "Huyo popo ni wa mpira. Si unaona uzi?"

Uzi niliuona. Kelele nilipiga vilevile.

Redio ndiyo aliyoipenda zaidi. Kila Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo wa kutisha, na alisema filamu inakupa zimwi la mtu mwingine, lakini redio inakuacha utengeneze lako. Alijua sauti zile zinavyopatikana. Siku moja alivunja bua bichi la mahindi karibu na sikio langu, na lililia kama shingo ya mtu ikivunjwa. Kwa wiki nzima sikuweza kukaa karibu na mtu anayekula muwa.

Kuna mchezo mmoja ambao hatukuumaliza. Mwanamke amepanga nyumba peke yake, na kila anapoketi kula anasikia kitu kikibisha mara tatu kutoka ndani ya kabati la nguo. Mwishowe anasimama. Tunasikia viatu vyake vikivuka chumba. Anashika kitasa, na hapo betri zikaisha. Betri za fundi wa redio! Asubuhi alikuwa amezianika juani ili zisukume siku moja zaidi. Alitoka mbio kwenda kutafuta nyingine, na aliporudi akihema na kuziweka, mchezo ulikuwa umekwisha na kwaya ilikuwa inaimba.

"Alifungua," akasema.

"Hakufungua. Afungue kwa nini?"

"Mtu hawezi kuishi na kitu kinachobisha, Mwalimu."

Tulibishana juu ya kabati hilo kwa miaka mingi, tukipukuchua mahindi, tukipanga foleni kwa daktari. Wiki ya mwisho, hospitalini, hata uji ulikuwa haupiti. Alinitazama akasema, "Na alifungua." Nikamjibu, "Hakufungua." Akatabasamu. Nilidhani kesho yake tungeendelea.

Tulimzika kwao Naitiri. Baadaye nilihamia Kanduyi, karibu na binti yetu, na jioni nikawa naingia kwenye kikundi cha simu cha watu wanaopenda vipindi vya zamani. Mwaka huu mzee mmoja wa Bumula, karani mstaafu, alituma mchezo aliourekodi zamani kwenye kaseti. Nilizitambua zile hatua za viatu kabla hata mwanamke hajasema neno.

Nikauzima hapohapo, sikuusikiliza siku hiyo. Nilingoja Jumapili, nikatoka kanisani, nikavuta mapazia, nikaweka simu mezani.

Alifungua. Kabati lilikuwa tupu. Akaingiza kichwa, kisha mguu, ili aone vizuri, na mlango ukajifunga nyuma yake. Kimya. Halafu wapangaji wapya wanaingia, wanacheka, wanaketi kula, na kutoka ndani ya kabati kitu kinabisha mara tatu.

Nywele zilinisimama. Nikageuka upande wa pili wa kochi nimpe mume wangu ushindi wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: haya basi, umeshinda. Niliyameza. Nilikaa pale mpaka mapazia yakaacha kupitisha mwanga, na sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilivyotamani kuchekwa.

Jumanne nilienda Kitale. Sikuwa na shughuli huko. Mahali palipokuwa na duka lake sasa wanauza kava za simu, na msichana wa pale alinikaribisha.

"Karibu, mum. Ya simu gani?"

Nilimwambia hapa palikuwa na fundi wa redio. Kisha, sijui ni kwa nini, nikaanza kumsimulia habari za kabati. Alikunja mikono, akaacha kutazama simu yake. Nilipofika kwenye kitasa, nikanyamaza.

"Wacha bana!" akasema. "Alifungua?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi singefungua. Ningehama hiyo nyumba, ati mpaka Nairobi."

"Lakini mtu hawezi kuishi na kitu kinachobisha," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikishuka kama ya mume wangu.

"Anaweza! Si anaongeza tu sauti ya redio?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria jibu hilo katika miaka yote ile. Nilicheka mpaka nikashika meza yake ya kioo. Nikamweleza mwisho, akapiga ukelele na kuziba masikio, mteja mwingine akaingia, na msichana ikabidi amhudumie. Nilibaki nimesimama kando, nikishika kava nisizozihitaji, nikingoja yule mteja aondoke ili tubishane kidogo tena.