Makuti ya Jiko la Skolastika

Skolastika Monai alirithi ardhi ambayo sehemu yake kubwa imelala chini ya mchanga. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akisimama naye ukingoni na kumwonyesha kwa kidole: pale palikuwa na minazi ya bibi yako, kule ng'ambo bustani ya magimbi, na pale panapong'aa ndipo tulipokuwa tukikamata kamba wa mtoni. Mtoto akatazama asione kitu, ila uwanja wa mchanga wa kijivu, na katikati yake mto Tavorei ukijikokota kama mtu aliyetoka kuugua. Maji yake yalikuwa ya kijani chenye ubuluu. Mgeni angeyasifu.

Mchanga ule ulishuka kutoka mgodi wa shaba ulioko juu milimani, enzi zile mgodi ulipokuwa ukisaga mlima mchana na usiku. Kisha vita vikaingia kisiwani Bougainville, mgodi ukafungwa, wenye mgodi wakaenda zao. Mchanga haukwenda. Una salfa ndani yake, na kila mvua inaponyesha, maji na hewa huigeuza salfa ile kuwa asidi, nayo asidi huichokoa shaba iliyosalia na kuitia mtoni. Ukiisahau sufuria ndani ya maji yale, utaikuta imetoboka. Samaki walikwisha zamani, na misagu, ile minazi ya kinamasi, ilikauka ukingoni ikiwa imesimama, haina vichwa.

Ardhi iliyobaki kwa Skolastika ilikuwa kipande kimoja cha juu, kati ya mchanga na mlima. Hapo palikuwa na nyumba ya kulala yenye mabati na jiko la makuti ya msagu alilojenga mama yake waliporudi kutoka msituni baada ya vita. Kwa watu wa huko ardhi hushikwa na wanawake. Mwanamume huoa akahamia. Mwanamke ndiye mwenye mizizi. Na mizizi hiyo hupandwa kwa mkono: kitovu cha mtoto wa kike huzikwa kwenye ardhi ya mama yake, na aliyezikiwa kitovu mahali hana haja ya kubishana na mtu.

Hapo ndipo Skolastika alipokuwa na donda. Binti yake wa pekee, Ludovika, alizaliwa msituni chini ya turubai katika miaka ile ya kukimbia, na kitovu chake kilizikwa hukohuko, mahali ambapo hata mama mtu asingepaona tena. Binamu yake, Eujenia, mtoto wa mama yake mdogo, hakuacha kulikumbusha jambo hilo.

"Ludovika ni mtoto mzuri," Eujenia alikuwa akisema mbele za watu huku akitafuna tambuu. "Ila ni mbegu ya porini, dada. Mbegu ya porini humea popote."

Watu wakacheka, na Skolastika naye akacheka, maana usipocheka ndipo unapokuwa umepigwa.

Mama yake alipofariki, neno hilo likaacha kuwa utani. Mwisho wa matanga kungekuwa na karamu ya nguruwe, na kwenye karamu hiyo mjomba Hilarioni, mkubwa wa ukoo, angetamka ni tumbo lipi litakalokaa pale juu. Ludovika alikuwa mjamzito. Binti wa Eujenia alikuwa mjamzito pia. Mjomba hakuzunguka: tumbo litakaloleta mtoto wa kike na kuzika kitovu pale, ndilo litakalokaa.

Basi Ludovika akaja kwa mama yake kujifungua, na kama ilivyo desturi alilazwa jikoni. Mjamzito wa miezi ya mwisho hulala kando ya moto, na hatoki hapo mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Mumewe Bosko, kijana wa pwani mwenye maneno mengi, alipewa kona ya nyumba ya mabati.

"Mama mkwe, mimi nimeoa au nimefungwa?" aliuliza siku ya kwanza, akichungulia mlangoni.

"Umefungwa," akajibu Ludovika kutoka ndani. "Kalete kuni, mfungwa."

Skolastika aliwasikia akafurahi. Jiko lilikuwa limefagiwa, kuni kavu zilipangwa ukutani, na juu ya yote, alikuwa ameondoa kitu kilichomtia hofu: zebaki.

Maana walikuwa wakiishi kwa dhahabu. Ndani ya mchanga ule wa mgodi ilibaki dhahabu kidogo, kama punje za wali kwenye sinia lililokwisha kuliwa, na wanawake waliichekecha kwa karai wakiwa wamesimama majini mpaka miguu ikababuka. Vumbi la dhahabu likipatikana, hutiwa zebaki ikalikumbatia, likawa donge jeupe. Donge likachomwa, zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Kwa miaka mingi Skolastika na mama yake walichomea madonge jikoni, juu ya moto uleule wa chakula. Nje kuna mvua na upepo, na macho ya majirani.

Ludovika aliposhika mimba, Skolastika alikumbuka maneno aliyowahi kuyasikia zahanati, kwamba moshi ule huingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni. Akaacha siku hiyohiyo. Akahamishia kazi mtoni, akatumia kopo la samaki lililofunikwa, lenye kibomba kinachotumbukia majini, ili zebaki igandie humo asiivute mtu. Alijivunia kopo lake. Moshi wa zamani ulikwisha kwenda, alidhani, kama moshi wowote unavyokwenda.

Asubuhi moja alikuwa akiponda magimbi na nazi kwa ajili ya chakula cha tamatama, Ludovika akiwa amelala ubavu karibu na moto. Juu ya mfuniko mweusi wa sufuria akaona kitone kinang'aa. Akadhani ni maji. Akakigusa kwa kidole, kikakimbia, kikagawanyika viwili, vikakutana tena.

"Nini hicho, Mama?"

"Tone la paa."

Hakusema uongo. Alichukua sahani nyeupe, akapanda juu ya gogo na kukwangua masizi ya makuti kwa kisu. Sahani ikajaa masizi. Alipoitikisa, vijicho vidogo vya fedha vikaanza kufumbuka ndani ya weusi, kimoja baada ya kingine, vikamtazama. Moshi haukwenda popote. Miaka yote ile ulikuwa ukipanda hadi kwenye makuti, ukipoa, ukilala humo. Na sasa, kila jioni moto wa kumkanda mwanawe ulipopamba, makuti yalipata joto, na kilicholala kikaamka na kushuka kama pumzi.

Yeye ndiye aliyekuwa akiuchochea moto huo usizimike.

Alimtoa Ludovika jikoni palepale, kisha akaenda zahanati na sahani yake imefungwa kwenye jani la mgomba. Sista Benigna, muuguzi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitikisa sahani mwenyewe.

"Mtoe hapo, dada."

"Nimeshamlaza kwenye nyumba ya mabati."

"Nyumba iko hatua ngapi kutoka jikoni? Majivu ya jiko mlikuwa mkimwaga wapi?"

"Uani."

"Basi mtoe uani pia. Mpeleke pwani kwa wakwe zake. Leo ukiweza."

"Na makuti? Niyafanye nini?"

Sista aliifunika sahani kwa jani lake. "Usiyachome," alisema. "Ukiyachoma, yote yatatoka kwa mara moja, mtayavuta ninyi na kijiji. Usiyazike, mvua itayashusha kisimani. Na mtoni ndiyo kabisa, yatafika baharini, samaki watayala, nao wataliwa."

"Basi niyapeleke wapi, Sista?"

"Yafungwe kwenye mapipa, yachukuliwe na watu wenye mitambo."

"Watu gani?"

"Sijui, dada yangu. Hapa kwetu sijawaona."

Skolastika alirudi akitembea taratibu. Moto, ardhi, maji: tangu azaliwe alijua kwamba kitu kibaya hutupwa katika kimojawapo. Sasa milango yote mitatu ilikuwa imefungwa, naye yuko ndani pamoja na hicho kitu.

Ludovika alikataa kuondoka.

"Niende pwani ili nani azae hapa? Binti yake Eujenia? Mama, wewe ulinizaa vichakani mabomu yakilia, na mimi huyu hapa, meno yote ninayo."

"Ulizaliwa vichakani ndiyo maana tunasimangwa."

"Kumbe unajua! Halafu unataka na huyu nikamzalie ugenini, asimangwe yeye na mama yake?"

"Nataka azaliwe mzima."

"Na awe mzima wa kukaa wapi?" Ludovika alikuwa akilia sasa, mikono juu ya tumbo. "Niambie, Mama. Mzima akakae wapi?"

Skolastika alikaa chini akamshika miguu iliyovimba, akaanza kuikanda. Bosko, ambaye siku zote hakukosa neno, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Ndipo aliposema, bila utani, kwamba mama yake ana chumba, na kwamba yeye hakuoa ardhi. Ludovika alimtazama sana. Halafu akaomba apewe nguo zake.

Walikubaliana kwamba Skolastika angekwenda nao. Alijaza kikapu: kanga za mtoto, magimbi, kisu kipya cha kukatia kitovu. Alipokifunga kikapu hicho alihisi wepesi ambao hakuujua tangu utotoni. Angekwenda mahali penye bahari inayoonekana mpaka chini. Angemwacha Tavorei na rangi yake, na makuti, na mchanga. Kwa nini asiende? Watu huenda.

Asubuhi ya safari Eujenia alifika pamoja na mjomba Hilarioni. Hakuja na ugomvi. Alikuja na mkungu wa ndizi kwa ajili ya njiani.

"Nenda kamwone mjukuu wako, dada," alisema, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli. "Usihofu kitu. Sisi tutapatazama. Jiko hili limechakaa, mwanangu hawezi kujifungulia humu. Kesho vijana wangu watashusha makuti wayachome, jivu tutalitia kwenye magimbi, tujenge jipya."

"Makuti makuukuu huchomwa," mjomba akaafiki. "Ndivyo tulivyokuta."

Skolastika akaweka kikapu chini. Akawaeleza yote: moshi, masizi, vijicho vya fedha, maneno ya Sista. Aliwaletea sahani. Eujenia aliinamia, akatazama, kisha akainua uso, na ile huruma ilikuwa imetoka.

"Dada, mimi nimekuja na ndizi."

"Najua. Nakuomba tu, usimlete binti yako hapa. Usiyaguse hayo makuti."

"Wewe na mama yako mmepika humo miaka yote, nawe uko hai. Leo zamu ya mwanangu imefika, ndiyo makuti yamekuwa sumu?" Alicheka kidogo. "Ungesema tu hutaki tukae. Mbona ningekuelewa?"

"Mjomba, mwambie."

Mzee Hilarioni alitafuna tambuu yake bila haraka. "Mwanangu, hata kama ni kweli, anayesema ni wewe. Ingekuwa amesema mwingine, tungesikia."

Ndipo Skolastika alipouona ukuta wa mwisho. Akiondoka, wataichoma sumu ile, na binti wa Eujenia, msichana aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, ataivuta yeye na kilichomo tumboni mwake. Akibaki, watasema amebaki kwa uchoyo. Hakukuwa na neno atakaloweza kulitamka ambalo lisingesikika kama hila ya mtu anayeng'ang'ania ardhi. Kilichobaki ni kukaa.

Alimkabidhi Bosko kikapu.

"Mama!" Ludovika alishtuka. "Si tunakwenda wote?"

"Tangulieni."

"Utakuja lini?"

"Nendeni, mwanangu, jua linawaka. Kisu kiko chini ya kanga."

Aliwatazama wakishuka, Ludovika akienda upande upande kwa uzito, Bosko akimshika kiwiko, mpaka walipopotea nyuma ya misagu mikavu. Eujenia aliondoka bila kuaga. Ndizi aliziacha.

Tangu siku hiyo Skolastika hupika uani, kwenye mafiga matatu chini ya kipande cha bati, na jiko amelifunga kwa kamba. Mvua ikinyesha hukaa mahali anapoweza kuuona mlango. Aliomba mapipa kwa kila mtu aliyepita na gari. Kwenye karamu ya matanga hakutamkiwa ushindi wala kushindwa. Mjomba alisema tu kwamba watasubiri, kwa kuwa mtu hatolewi mahali alipokaa.

Habari ya pwani ilifika kwa simu ya Sista Benigna: mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Kitovu wamekizika chini ya mnazi wa mama yake Bosko.

Eujenia alisikia, akapanda kilima. Walisimama wakitazamana, jiko likiwa kati yao.

"Hongera, dada," alisema. Halafu akaongeza: "Na pole."

"Ahsante," akajibu Skolastika. "Binti yako hajambo?"

"Hajambo. Amebakiza mwezi."

"Azalie kwako, Eujenia. Nakusihi."

Eujenia aliyatazama makuti, akautazama ule mlango uliofungwa kamba, akamtazama na mwanamke mwenyewe, macho mekundu kwa moshi wa uani. Kisha akageuka akashuka, na Skolastika hakuweza kujua kama ameaminiwa au ameachwa tu kwa leo. Akavuta kigoda chake karibu na mlango, akakaa.