Chumba cha Kanga Mbili na Nusu

Wifi yangu, dada yake mume wangu, watu wanamwita Mama Kukunja. Jina alipewa na majirani wa chumba fulani walichokaa zamani, akahama nalo kama anavyohama na sufuria zake, na mpaka leo ukimwita hivyo anaitika. Meza yake imefungwa bawaba. Mkimaliza kula inainuliwa, inalala ukutani kama mlango. Uvunguni mwa kitanda chake kuna kitanda kingine kifupi chenye magurudumu, usiku kinavutwa, wanawe mapacha wanalala humo. Ndoo zinaingiana, sufuria zinaingiana, na foronya zake hazina mito ndani, zina nguo. Usiku ni mito, safarini ni mabegi.

Kitu kimoja tu hakikunjiki: kabati la mbao nyekundu lenye kioo mlangoni. Hilo alilinunua yeye mwenyewe kwa kushona sare za shule kabla hajaolewa, na kila akihama linafungwa mablanketi kama mgonjwa.

Na anahama sana. Mumewe, shemeji yangu, anaendesha ule mtambo wa kushindilia barabara wenye gurudumu la chuma mbele. Barabara ikikamilika, kampuni inampeleka kwingine, na chumba wanapewa hukohuko, kilivyo ndivyo kilivyo. Katikati ya kuhama na kuhamia, wifi na watoto huja kwa mama mkwe wangu, ambako mimi na mume wangu tunakaa chumba cha pembeni. Shemeji hutangulia kukiona chumba kipya na kupiga simu.

Shemeji ana futi ya chuma kazini, lakini akisema chumba kina mita kadhaa na sentimita kadhaa, mkewe anamsikiliza kama anayesikiliza lugha ya ndege. Yeye hupima kwa kanga. Kila alicho nacho anakijua kwa kanga: kitanda ni kanga moja na shibiri, kabati ni nusu kanga kwa upana na mara mbili yake kwenda juu, meza ni nusu kasoro vidole. Basi alinunua doti moja, akaikata, akaipinda. Kipande kimoja akabaki nacho, anajifunga, anabebea mtoto, anakifua. Cha pili akakikunja akakitia kwenye begi la mumewe. "Hiki si cha kufutia mikono," alimwambia. "Hiki ni kipimo."

Safari hii simu ilikuja tukiwa tunachambua mchele uani. Wifi aliiweka sauti kubwa, akashika kijiti cha kuandikia chini.

"Urefu kanga mbili na nusu," shemeji akasema. "Upana kanga mbili kasoro shibiri."

"Shibiri yako au yangu?"

"Yako. Yangu ningesema."

"Mlango unafungukia wapi?"

"Ndani."

"Ndani," wifi akarudia, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Alichota majivu jikoni kwenye kopo, akaitandika kanga yake chini, akaanza kuchora. Mara mbili na nusu kwenda huku, mara mbili kasoro shibiri kwenda kule. Pakatokea chumba cha majivu katikati ya uwanja, kina pengo la mlango na mstari wa dirisha. Kisha sisi wote tukatoa vitu barazani tukavipanga ndani: kitanda pale, meza pale, kabati pale. Muuza maziwa alipokuja alisimama nje ya mstari, akapiga hodi kabisa.

"Karibu," wifi akamwambia, "ila vua viatu, nimetoka kudeki."

Mama mkwe yeye alikatiza moja kwa moja na beseni lake la nguo.

"Bibi, umepita ukutani," pacha mmoja akasema.

"Nyumba yangu hii, kuta zote ni zangu," akajibu, akaenda zake kuanika.

Tulicheka, lakini chumba kilikuwa hakicheki. Mchana kilitosha. Taabu ilikuwa usiku. Kitanda cha mapacha kikishavutwa, na godoro la binti mkubwa likishatandikwa, mlango ulikuwa unagonga godoro na kubaki na upenyo wa kupita paka. Na shemeji hutoka alfajiri, watoto wadogo nao wana haja zao. Wifi aligeuza kitanda, akageuza meza, akaliweka kabati miguuni, akaliweka kichwani. Kila mara palikosekana shibiri moja.

Binti mkubwa ana miaka kumi. Ameshapita umri wa kubanana na wadogo zake wa kiume, na ni mrefu kama baba yake. Bibi yake humwita mke mwenzangu, naye binti ndiye anayemtilia uzi kwenye sindano na kumsomea maandishi ya vidonge.

Jioni mama mkwe aliketi na wifi barazani. Mimi nilikuwa ndani namnyonyesha mtoto wangu, dirisha liko wazi.

"Mwache huyu mkubwa kwangu," alisema. "Shule ipo, mimi nipo, na wifi yako yupo. Chumba kimekataa, mwanangu. Usishindane na ukuta."

"Nimewahi kuishi kwenye vidogo zaidi, mama."

"Ulikuwa na watoto wadogo zaidi. Mtoto hakunjwi kama meza."

Nilijua wifi anaogopa nini, maana aliwahi kuniambia tukiwa tunafua. Yeye mwenyewe alilelewa kwa shangazi yake, nyumba kubwa, vyumba vingi, hakukosa chochote. Lakini aliporudi kwa mama yake alikuwa anaomba ruhusa ya kufungua chungu. Alisema anachotaka yeye ni watoto wake wote walale mahali ambapo akinyoosha mkono anawagusa. Na mama mkwe naye alikuwa anaomba kwa mapenzi, si kwa ubaya, ndiyo maana lilikuwa gumu.

Kesho yake asubuhi nilitoka na ufagio, nikamkuta binti amelala ndani ya chumba cha majivu. Alikuwa amejilaza kwenye kona kati ya kabati na mlango, magoti kidevuni, mikono ameibana kifuani, amekuwa kitu kidogo kama furushi.

"Unafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Anti, naenea. Tazama. Mlango unafunguka."

Nilipoinua macho, wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatazama. Alikuja akavuka mstari, akachuchumaa.

"Nyoosha miguu," akamwambia mwanawe.

"Nikinyoosha mlango—"

"Nimesema nyoosha."

Akanyoosha. Wifi akatoa kanga kiunoni, akampima kuanzia utosini hadi kisiginoni, akaweka alama ya kidole. Kisha akasimama, akalitazama kabati. Akafungua ule mlango wa kioo, akaufunga. Akalisukuma kwa bega mpaka likatoka nje ya mstari wa majivu, lenyewe limesimama uwanjani na taswira ya mawingu ndani yake.

"Mama," akaita. "Njoo."

Mama mkwe akaja anajifuta mikono.

"Uliniomba nikuachie kitu. Nakuachia kabati."

"Mimi niliomba mtu."

"Mtu hapatikani. Kabati lina kioo, ukitaka mtu utamwona humo."

Mama mkwe alijitahidi kukasirika ikashindikana. Alilizunguka lile kabati, akagonga mbao, akavuta droo. "Hili lako la sare za shule?" akauliza, ingawa alilijua. Wifi akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe akasema tu, "Haya, liingizeni kabla ya jua," na alipogeuka alimshika mjukuu wake shingoni, akaenda naye ndani kutiliwa uzi kwenye sindano.

Wifi aliniomba nimsindikize, maana mapacha kwenye basi ni mikono miwili na yeye alikuwa na mizigo. Nikamfunga wangu mgongoni nikaenda, na nakiri kwamba safari hiyo nilijifunza mengi kuliko nilivyojifunza kwa kuolewa. Kila mtoto alikuwa na foronya yake aliyoweza kukimbia nayo. Ndani ya sufuria kubwa mlikuwa na ndogo, ndani ya ndogo mayai ya kuchemsha yamefungwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Tulipokula mayai, taulo likafuta mikono na nyuso, kisha likatundikwa dirishani likakauka. Vifuniko vilikuwa sahani. Kila basi liliposimama, wachuuzi walituinulia soda na biskuti madirishani, na wifi aliwaambia watoto, "Nunueni kwa macho, macho hayadaiwi." Pacha mmoja akanunua kwa macho mpaka akalala.

Abiria wa kiti cha mbele, mzee mwenye kofia ya pama, aligeuka akauliza, "Mama, na mume umemkunja wapi?"

"Ametangulia," wifi akasema. "Yule nilimpiga pasi kwanza."

Shemeji alitupokea na baiskeli ya mizigo. Vitanda na meza vilikuwa vimeshafika na lori la kampuni. Chumba kilikuwa cha mwisho katika mstari wa vyumba vya matofali, dirisha linatazama karakana, kuta zimepakwa chokaa juzi. Wifi alisimama kizingitini, hakuingia upesi. Alikikagua kama anayekagua kitambaa dukani.

Tukaanza kupanga kama tulivyopanga uani. Kitanda pale, meza pale, bawaba, misumari ya kutundikia foronya pale ambapo lingekaa kabati. Kitanda cha mapacha kikavutwa. Godoro la binti likatandikwa. Wifi akaufungua mlango taratibu, anausikiliza. Ukafunguka wote, ukagonga ukuta.

"Ajabu," akasema. Akaufunga, akaufungua tena. "Wewe baba watoto, ulipima chumba gani?"

"Hiki."

"Hiki ni kikubwa kuliko kile cha majivu."

"Mke wangu, miaka yote hii sijawahi kusikia ukilalamika kwamba chumba ni kikubwa."

"Sijalalamika. Nimeuliza ulipima vipi."

Shemeji akala kiapo kwamba alipima kwa kanga, akitambaa kwa magoti, mafundi wenzake wakimcheka mlangoni. Akaitoa begini kuonyesha ushahidi. Ilikuwa imekunjwa vilevile, rangi zake kali, bado ina ule ugumu wa dukani. Wifi aliipokea, akafungua ya kwake kiunoni ili azishone pamoja ziwe pazia la kugawa chumba. Mimi nilishika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukazining'iniza kwenye kamba.

Ya kwake ilikuwa fupi. Fupi kwa vidole vitano hivi, zimekaa ubavu kwa ubavu kama dada mkubwa na mdogo.

Nilimwona wifi akizitazama, midomo inatembea bila sauti. Miaka ya kufua, kuanika na kukamua ilikuwa imeila kanga yake, na ile ya mumewe haikuwahi kuona maji. Shemeji alipima kwa ndefu, yeye akachora kwa fupi. Vidole vitano kwa kila kanga, kwa kanga mbili na nusu: shibiri nzima na zaidi.

"Maji ndiyo yameniibia chumba," akasema mwishowe.

Shemeji, ambaye mdomo wake hauna breki kama mtambo wake, akasema, "Kwa hiyo kabati lingeingia."

Mimi nilijitia kumweka mtoto wangu sawa mgongoni. Wifi akageuka akautazama ukuta ule wenye misumari na foronya zimening'inia, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa amejilaza kwenye godoro amenyoosha miguu yote, vidole vya miguu vinacheza. Akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko cha kushika mbavu, akaketi kitandani, mapacha nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Lingeingia," akasema akijifuta machozi. "Na mimi ningeendelea kulifunga mablanketi mpaka uzeeni."

Binti alikuwa amekaa sasa, anapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya godoro lake na ukuta wa foronya. Alipima mara mbili, akaomba simu. Tukamsikia anaongea, sauti ameiweka kubwa kama mama yake.

"Bibi, chumba kimekuwa kikubwa. Hapa pembeni yangu unaenea kabisa. Ukija tutalala wote."

"Padogo kiasi gani hapo pa kuenea?" mama mkwe akauliza.

"Shibiri tatu, bibi. Ila ulale ubavu. Na miguu ukunje kidogo."

Nikasikia upande wa pili mlango wa kabati ukifunguliwa na kufungwa, ule mlango wa kioo, nausikia hata leo unavyolia. Alikuwa ameshatia vitu vyake.

"Mke mwenzangu," mama mkwe akasema, "mwambie mama yako achukue ile kanga ndefu apime tena. Nitakuja, lakini mimi sikunjiki."