Magadi kwa Mwendo wa Rozari

Kaka yangu Kasmiri alikuwa mvuvi wa Kiriba mpaka mwaka 1983, kiboko alipopindua mtumbwi wake na kumvunja nyonga. Alipotoka hospitali alitembea kwa fimbo, na ziwani hakurudi tena. Mkewe, Ursula, ni Mzanaki wa Butiama. Akamwambia, "Twende kwetu, ardhi ipo." Wakaenda.

Kwetu Wajita, mwanamume kuhamia ukweni si jambo la kusifiwa. Mkubwa wetu, Masatu, hakulificha neno lake. Alimwambia mbele yangu, "Nenda ukajaribu. Lakini Pasaka ya mwaka keshokutwa ikikukuta hujaweza kujilisha, nitakuja mwenyewe kukuchukua. Hatuwezi kukuacha ule kwa shemeji zako mpaka uzeeke."

Mimi, Getruda, dada yao mdogo, ndimi niliyemfuata Kasmiri baadaye, kwa kuwa yeye ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni, naye akanifunulia moyo wake. Alisema hawezi kurudi kukaa kwenye kigoda mwaloni, akitazama wenzake wanasukuma mitumbwi. Butiama angalau angekuwa na shughuli yake.

Shughuli yenyewe ilikuwa bwawa la samaki. Alilichimba bondeni, chini ya nyumba, akiwa amekaa chini, anajisogeza kwa matako kama mtoto asiyejua kutembea. Lilimchukua miezi mitano. Mvua za vuli za mwaka 1984 zikalijaza, na Masatu, pamoja na maneno yake yote, akaleta vifaranga vya sato kwenye madebe mawili.

Maji yalikuwa meupe, ungeona sarafu chini. Ursula aliyapenda kuliko mtu yeyote. Ule ulikuwa wakati wa foleni. Sabuni ilifika duka la kijiji siku inayojitakia yenyewe, na wengi tulifulia majani ya mipapai. Maji ya bwawa yalitoa povu kwa kipande kidogo kama ukucha. Majirani walikuja na ndoo kuyachota, na Kasmiri alijisikia mtu mkubwa.

Ila samaki walilegea. Asubuhi walielea karibu na ukingo, midomo juu. Baada ya wiki tatu, zaidi ya nusu walikuwa wamekufa.

Makongoro, kaka yake Ursula, mfugaji wa ng'ombe wengi, alipita kila siku kuchungulia. "Shemeji, ng'ombe wako wa majini wameamkaje?"

"Wameamka."

"Wote?"

"Wewe hesabu wa kwako wenye mikia."

"Wa kwangu wana mikia, na wanaitikaga nikiwaita. Hebu ita na wewe tuone!"

Kasmiri alicheka, lakini usiku hakula. Nilikuwa nimewatembelea likizo ya mwisho wa mwaka, maana wakati huo nilifundisha shule ya msingi Musoma mjini, nikaona sahani ilivyorudi jikoni.

Bwana samaki, mtaalamu wa serikali kutoka Bunda, jina lake Nathanieli, alikuja kwa baiskeli. Hakuwa na kipimo chochote, alisema dawa za kupimia ziliisha zamani na nyingine hazijaletwa. Akaomba sabuni.

"Bwana samaki," Ursula akasema, "nimebakiza hii tu. Nawa, lakini usinogewe."

Akanawa kwenye maji ya bwawa. Povu likamjaa mpaka kwenye viwiko. Akatikisa kichwa.

"Mama, haya unayoyasifia ndiyo ugonjwa wenyewe. Haya ni maji ya mvua matupu. Hayana chokaa, hayana magadi, hayana chochote cha kuyashika. Maji ya namna hii usiku yanakuwa hivi, mchana vile, samaki anachoka. Hata kile kijani cha majini anachokula samaki hakioti humo."

"Tufanye nini?" Kasmiri akauliza.

"Dawa ni chokaa. Chokaa madukani hakuna, hata mimi sijaiona mwaka huu. Tafuta magadi, na makome ya ziwani uyaponde. Lakini kidogokidogo, mzee. Samaki hajui haraka."

Akapanda baiskeli akaondoka. Hapo ndipo kosa letu lilipofanyika, na nasema letu kwa sababu nilikuwapo na sikuzuia. Makongoro aliposikia neno magadi, uso ulimng'aa. Hilo alilijua.

"Ungeniambia tangu mwanzo! Ng'ombe wakilegea tunawapaga magadi, tunamwaga ya kutosha, wanalamba mpaka washibe. Kesho yake wanaruka kama ndama." Akaleta debe zima la magadi, zawadi, kwa moyo mweupe kabisa. Kasmiri, mwenye Pasaka kichwani, akalimimina lote jioni ile.

Lakini ng'ombe akishiba magadi huondoka. Samaki angeondoka aende wapi? Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo. Makongoro alisimama ukingoni amevua kofia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Shemeji, nimekuua," alisema.

"Mkono ulikuwa wangu," Kasmiri akamjibu.

Walibaki samaki wachache, labda thelathini, waliojificha kwenye majani upande maji ya mvua yanapoingilia. Kasmiri alitaka kuwavua tuwale, yaishe. Ursula ndiye aliyekataa. Alimwambia, "Wewe tatizo lako ni mkono mwepesi. Chukua rozari. Mimina kibuyu kimoja kwa Salamu Maria kumi, na ukimaliza hizo kumi, nenda nyumbani."

Akafanya hivyo. Bakuli moja la magadi aliliyeyusha kwenye ndoo ya maji yaleyale ya bwawa, akajaza kibuyu, akakiinamisha maji yatoke kama uzi, huku midomo ikisali. Kisha siku mbili hakuna aliyegusa bwawa. Siku ya tatu, kibuyu kingine. Nami niliporudi Musoma nikawa nakwenda Makoko kila Jumamosi, naokota makome kando ya ziwa, nayatuma kwa basi kwenye viroba. Ursula aliyatwanga kwenye kinu, wakayaweka kwenye magunia pale maji yanapoingilia, ili kila mvua ipite humo kwanza.

Mwezi wa pili nilipokea barua ya Ursula. Aliandika kwamba bwawa limekuwa la kijani, na kwamba maji sasa yanakula sabuni, povu halipatikani, majirani wameacha kuja. Mwishoni akaandika, "Wifi, sijawahi kukosa povu nikafurahi namna hii."

Jumatatu ya Pasaka, Masatu alifika Butiama. Nilikuwapo. Alikuja na baiskeli na kamba mbili za kufungia kitanda cha mdogo wake. Hakuketi wala kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja bwawani, na sisi nyuma, Makongoro naye. Kasmiri alichota pumba. Akazirusha majini.

Samaki walipanda. Walikuwa wachache, lakini wanene. Masatu, aliyevua samaki miaka thelathini, aliwatazama. Kisha akachuchumaa. Karibu na ukingo palikuwa na sato mmoja jike, na kando yake wingu dogo la vifaranga, vidogo kama mbegu za mtama. Kivuli cha Masatu kilipowaangukia, wote waliingia kinywani mwa mama yao, akafunga, akazama.

"Amezalia hapa," Masatu akasema.

"Amezalia hapa," akajibu Kasmiri.

"Samaki hazalii mahali asipopataka." Akasimama, akamtupia Makongoro zile kamba. "Kafungie ndama wako, shemeji. Huyu abaki."

Alibaki miaka mingi. Alichimba bwawa la pili na la tatu, akala jasho lake, na watu wa Nyamuswa hata Bunda walikuja kujifunza kwake. Wote aliwakabidhi rozari kwanza, hata Waadventista, ambao walicheka wakahesabu kwa vidole.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mungu alimchukua. Nimelia, bado nalia. Lakini siku ya maziko Makongoro, mzee sasa, alisimama na mkongojo mbele ya ukoo wake, akaonyesha mahali pa kaburi: kwenye ardhi ya baba yake Makongoro mwenyewe, katikati ya makaburi ya watu wao. "Huyu ni wetu," alisema. Hakuna aliyepinga. Masatu, aliyekuja kumzika, aliitikia kwa kichwa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakisikia.